Kinyozi wa Uwanja na Wachimba Visima

Walimwita Kinyozi, ingawa hakuwahi kumnyoa mtu yeyote, na kichwa chake mwenyewe kilikuwa kitupu kama yai. Alichonyoa ni uwanja. Zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa mtunza nyasi wa uwanja mkubwa wa michezo wa mji, na alizikata nyasi zile kama kinyozi anayejipenda anavyomkata bwana harusi: anapita na mashine, anarudi nyuma, anainamisha shingo upande, anapita tena palepale. Akimaliza, mistari ya kijani kibichi na ya kijani kilichokolea ilikuwa imelala sambamba kutoka goli hadi goli, naye aliketi juu ya ndoo aliyoipindua akaitazama mistari hiyo mpaka chai yake ikapoa.

Alizungumza na nyasi zake. Asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, alifungua mpira wa maji na kuziamsha: "Haya, wavivu, amkeni! Mmelala kama wenye nyumba."

"Mkeo hujawahi kumsalimia hivyo," alisema Kufuli. Huyo alikuwa mlinzi wa lango kuu, rafiki yake wa miaka mingi, mtu mnene mwenye pumzi fupi ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia watu, lakini mdomo wake hakuuzuia hata siku moja.

"Mke wangu hahitaji kumwagiliwa."

"Umemuuliza?"

Uwanja ule ulikuwa na wapangaji wawili. Wa kwanza ni soka, na soka Kinyozi aliisamehe yote. Njumu zikichimbua nyasi mbele ya goli, alizirudisha mahali pake kwa vidole huku akinong'ona, kama anayemfunika mtoto shuka. Mpangaji wa pili ni riadha, na hata riadha hakuwa na neno nayo, maadamu inazunguka zunguka huko pembeni kwenye njia zake nyekundu. Ugomvi ulikuwa na wale wanaorusha vitu. Mikuki, nyundo na visahani vilirushwa kutoka nyuma ya goli moja, na vyote vilikuja kuanguka juu ya nyasi zake.

"Mcheza mpira akitoboa uwanja, ameteleza," alieleza kila aliyesimama karibu naye muda wa kutosha. "Ni ajali, kama kumwaga chai. Lakini mtu wa mkuki anakuja mbio, anatoboa kwa makusudi, halafu anapigiwa makofi! Wachimba visima hao. Na maji hawayapati."

Mwaka mmoja nyundo iliangukia karibu na eneo la penalti ikaacha shimo. Kinyozi alivua kofia yake, akaitumbukiza mle shimoni mpaka ikapotea, kisha akamwita kiongozi wa riadha aje aitafute. Siku hiyo alikula kiapo mbele ya Kufuli kwamba mchimba kisima hatakunywa hata maji nyumbani kwake.

Kiapo hicho ndicho kilicholeta mambo yote. Kwa maana mchimba kisima alikuwa tayari anakunywa maji nyumbani kwake, anakula hapo, na anamwita baba.

Alikuwa binti yake wa mwisho, kitinda mimba, na nyumbani walimwita hivyohivyo: Kitinda. Alijifunza kutembea juu ya nyasi zile akijishikiza kwenye wavu wa goli. Alibeba mpira wa maji kabla hajajua kuandika. Shuleni alianza na mbio, na baba akafurahi, kwa kuwa mkimbiaji hatoboi kitu. Halafu siku moja mpira wa watoto ulikwama juu ya paa la darasa, Kitinda akavua kiatu, akakirusha, mpira ukashuka, na kiatu kikaendelea na safari hadi kwenye uwanja wa jirani. Mwalimu wa michezo aliyekuwa akipita alisimama. Hakuuliza habari za mpira. Aliuliza kiatu ni cha nani.

Tangu hapo Kitinda alikuwa mtu wa mkuki, akifanya mazoezi upande wa pili wa mji, na mtu pekee mtaani asiyejua hilo alikuwa Kinyozi. Kila jioni alimuuliza, "Umekimbiaje leo?" Naye alijibu, "Nimekimbia mpaka mwisho wa njia, baba." Hakuongeza kwamba mwisho wa njia ndipo mtu anapouachia mkuki.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na cherehani ilikaa sebuleni, chini ya dirisha, ambapo hakuna kinachojificha. Nguo zote za Kitinda alizishona mkono wa kulia ukiwa mpana kuliko wa kushoto. Mara moja mumewe alilinyanyua gauni moja kwenye kiti, akalitazama.

"Huu mkono mbona mkubwa?"

"Kitambaa kimevuta."

"Upande mmoja tu?"

"Ndivyo vitambaa vya siku hizi."

Akaridhika. Mtu huyu aliyeweza kuona unyasi mmoja uliogeuka manjano akiwa kwenye ngazi za jukwaa, ndani ya nyumba yake hakuona bega. Labda macho yetu nayo yana mipaka ya kazi. Tukishayatumia mchana kutwa mahali pamoja, nyumbani yanakuja yamechoka na yanataka kuambiwa tu kwamba kitambaa kimevuta.

Kisha Michezo ikaja. Mataifa mengi yalikuja mjini na kila aina ya mchezo: waogeleaji, wanyanyua vyuma, wapanda baiskeli, wapiga ngumi wenye sauti za upole. Ndani ya Michezo hiyo mlikuwa na mashindano ya soka, na timu ya wenyeji ilitolewa mapema sana, kama mgeni aliyekosea nyumba akaomba radhi akaondoka. Kinyozi hakulia. Yeye hakuwa na timu. Alikuwa na uwanja, na uwanja wake ulikuwa umepewa fainali ya soka ya wanawake.

Hapo inabidi tumwelewe. Mji ule ulikuwa na uwanja mwingine, mpya, wenye nyasi za plastiki, na kila mwaka fainali zilikwenda huko kwa sababu plastiki haina matundu. Kinyozi alikuwa ametunza nyasi hai miaka yote hiyo kwa ajili ya mechi za kawaida, gwaride na mvua. Hakuwa amewahi kunyoa kwa ajili ya fainali. Alipopata habari alikwenda moja kwa moja kwa mkewe.

"Nishonee shati. Shati la fainali."

"Unacheza namba ngapi?"

"Usinichekeshe, mama watoto. Maisha yangu yote nimengoja siku hii."

Mkewe alimtazama, akaacha kucheka, akachukua futi ya kupimia.

Sharti lilikuja na mkaguzi wa viwanja. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye kofia pana, aliyetembea na mpira mmoja ndani ya wavu begani. Hakuwa na mashine yoyote. Aliweka mpira chini, akausukuma kwa ubavu wa kiatu, akautazama unavyokwenda, basi.

"Nyasi zako nzuri, mzee," alisema. "Lakini asubuhi ya fainali kuna mkuki wa wanawake hapahapa. Mchana nitarudi na mpira wangu. Ukitembea sawa, fainali ni yako. Ukirukaruka, naihamishia kwenye plastiki. Magari ya timu yameshaambiwa yasubiri neno langu."

Kinyozi alielekeza kidole langoni. "Hao wachimba visima hawawezi kurushia huko barabarani?"

"Hawawezi, mzee."

"Nilikuwa nauliza tu."

Siku moja kabla ya fainali Kitinda, ambaye sasa alikuwa kambini na timu ya taifa ya riadha, baba akiamini ni kwa ajili ya mbio, aliomba ruhusa, akaja kula nyumbani. Alikuwa amedhamiria kusema. Alikuwa amedhamiria hivyo mara nyingi, lakini sasa jina lake lilikuwa limetangazwa redioni, ingawa baba yake huzima redio habari za soka zikiisha, na lilikuwa limechapwa gazetini, ingawa ukurasa huo Kufuli aliwahi kuuchana na kuufungia chakula chake mbele ya macho ya Kinyozi.

"Baba, kesho asubuhi utakuwa wapi?"

"Nitakuwa wapi tena? Uwanjani, na ndoo yangu ya mchanga. Kila wakitoboa, naziba. Wakitoboa, naziba. Nimemwambia Kufuli, kesho nitawatazama mmojammoja usoni, niwajue." Akajaza mdomo, akatafuna kwa hasira. "Na wewe mbio zako lini?"

"Kesho pia."

"Basi kimbia, mwanangu. Uwakimbize. Mimi nisipopata fainali yangu, angalau nyumba hii ipate kitu."

Mkasi wa mama ulisimama katikati ya kitambaa. Kitinda alitazama sahani yake. Akanywa maji, yote, mpaka mwisho, akaaga.

Asubuhi ilifika na jua safi. Kinyozi alisimama pembeni ya eneo la kurushia akiwa na ndoo ya mchanga uliochanganywa na udongo, uma wa kuinulia nyasi, na gogo fupi la kushindilia. Mrushaji wa kwanza, mgeni mwenye mabega ya mbeba mizigo, aliuzamisha mkuki mbali sana. Waamuzi wakapima. Kinyozi akaenda, akapiga goti.

"Karibu sana, mchimba kisima," alisema kwa adabu, kwa lugha ambayo yule hakuijua. Yule akatabasamu, akampungia mkono.

Akaziba. Akaja wa pili, akaziba. Kipaza sauti kikaita nchi ya wenyeji, jukwaa likalipuka kwa vigelegele, na Kinyozi aliponyanyua kichwa alimwona binti yake amesimama mwanzo wa njia ya kukimbilia, amevaa sare za taifa, mkuki mkononi.

Aliona haya kwa niaba yake. Mtoto amepotea!

"Kitinda!" alipaza sauti, akaelekeza uma wake kwenye njia nyekundu. "Mbio ni kule! Kule! Huku ni kwa mikuki!"

Upande mzima wa jukwaa ulicheka. Mwamuzi mmoja akaficha uso nyuma ya bendera.

"Na huo mkuki mrudishie mwenyewe, watakuchelewesha!"

Kitinda aligeuza kichwa. Alimtazama tu, kwa macho ya mtu aliyevunja kikombe na bado ameshika kishikio chake. Kisha akaunyanyua mkuki juu ya bega, lile bega, akakimbia mpaka mwisho wa njia, akauachia.

Haukwenda mbali. Ulipinda kushoto, ukatua karibu na mstari wa mpaka, ukalala ubavu. Bendera nyeupe ya kukubali mrusho ikapanda, lakini bila shangwe. Kinyozi alibaki amesimama na uma wake hewani. Alitazama jukwaani. Mstari wa mbele walikuwa wameketi mke wake mwenyewe na Kufuli, bega kwa bega, na wote wawili walikuwa wakisoma mawingu.

Basi akajua. Mkono uliovuta. Ukurasa uliofunga chakula. Kila jioni, mpaka mwisho wa njia. Joto lilimpanda kutoka shingoni hadi kwenye ukingo wa kofia, na kila aliyekuwa karibu aliliona. Alikwenda kuziba kisima cha mwanawe kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana.

Hapakuwa na kisima. Palikuwa na mkwaruzo tu, na mkwaruzo ulikuwa juu ya kipara. Kila uwanja una siri yake, na siri ya uwanja huu ilikuwa kipande kimoja pembeni ambapo nyasi zilikataa kuota mwaka hadi mwaka. Kinyozi alipapaka rangi ya kijani siku za mechi. Wa nje hakuna aliyepajua. Kitinda alipajua, kwa sababu ndiye aliyekuwa akishika kopo la rangi.

Mrusho wa pili ulitua palepale.

Waamuzi walitikisa kichwa kwa huruma. Mtoto wa wenyeji ameingiwa na woga, walisema. Akirusha hivi mara moja tena, anatolewa, hataingia kundi la wanaoendelea kurusha. Lakini Kinyozi aliyekuwa amepiga goti juu ya kipara alielewa kwamba haukuwa woga. Mtu mwoga hagongi sahani moja mara mbili. Binti yake alikuwa ameng'oa miaka yake yote ya mazoezi, akaja kuitupa mahali ambapo haitamharibia baba fainali.

Alikaa pale magotini muda kidogo. Kutoka hapo aliona nyasi zake kwa usawa wa macho, mistari yote, mpaka duara la katikati alilolichana alfajiri kama nywele za mtoto wa shule. Alifikiria shati lililoning'inia nyumbani. Aliifikiria plastiki.

Kisha akainuka, akavua kofia, akatembea hadi kwenye duara la katikati, ndani kabisa ya eneo la kurushia.

"Mzee, toka huko! Utachomwa!" mwamuzi alipiga kelele.

"Natoka. Aone kwanza." Akapiga kisigino chini, katikati ya nyasi nzuri kuliko zote alizowahi kukuza. "Hapa! Wewe mtoto, unaniona? Hapa!"

Uwanja ulinyamaza kumsikiliza kichaa.

"Chimba hapa!" Akapiga kisigino tena. "Chimba, mwanangu! Ndoo nimeshika mimi! Kuziba ni kazi yangu, umesikia? Chimba!"

Walimtoa kwa kumshika mikono. Kitinda alifuta uso kwa mkono wa nguo, ule ambao mama aliupanua hata kwenye sare. Akarudi nyuma hadi mwanzo wa njia, akasimama, na alipokimbia safari hii Kinyozi aliona kitu ambacho hakuwa amekitazama kamwe kwa sababu macho yake siku zote yalikuwa chini: mkuki ukiwa juu. Aliona unavyotetemeka kidogo ukitoka mkononi, unavyotulia, unavyokaa hewani kana kwamba umepanga chumba huko, halafu unavyoinamisha kichwa na kushuka. Ulipita alama ya kisigino chake. Ukazama. Mkia wake ukabaki ukitikisika juu ya nyasi, na jukwaa lote likasimama.

Kinyozi alikuwa akipiga makofi. Alikuwa na mchanga mikononi na ulimwingia machoni.

Kitinda alimaliza wa nne, mahali ambapo hawakupi medali wala pole. Lakini hakuwa amewahi kurusha mbali hivyo maishani, na wale watatu waliomshinda walikuja kumkumbatia. Mirusho yake iliyobaki yote iliangukia kwenye duara la katikati, ambalo sasa lilifanana na chujio.

Warushaji walipoondoka, baba na binti walipiga magoti pamoja. Yeye aliinua nyasi kwa uma, binti akamimina mchanga, kama zamani.

"Tangu lini?"

"Tangu shuleni, baba."

"Mama yako anajua, naona."

"Ndiye anayepanua mkono."

"Na Kufuli?"

"Kufuli ndiye aliyenipeleka siku ya kwanza ya mazoezi. Alisema nisimtaje."

"Kwa hiyo mjinga wa mtaa mzima ni mimi."

"Wewe ulikuwa na kazi nyingi, baba."

Alimtupia konzi ya mchanga, Kitinda akakwepa akicheka. Wakaziba, wakashindilia, wakahamia tundu jingine. Kwenye la mwisho, lile ambalo mkuki wa Kitinda ulilitoboa kwanza pale katikati, binti alinyoosha mkono kuchukua gogo.

"Hilo niachie," alisema Kinyozi.

Alilijaza vizuri, akapanga nyasi juu yake moja baada ya nyingine. Akanyanyua gogo kushindilia. Akalishusha taratibu, kama anayemgonga mtu aliyelala, mara moja, kisha mkono ukakataa. Alitazama kushoto na kulia, akaondoka na ndoo yake, udongo wa tundu lile ukiwa bado laini.

Mkaguzi alikuja na mpira wake. Aliuweka chini kwenye kona moja, akausukuma, akaufuata. Kinyozi alitembea nyuma yake, mikono mgongoni. Mpira ulivuka eneo la penalti, ukaingia duara la katikati, ukapita pembeni mwa lile tundu kwa upana wa kiganja, ukaendelea, ukasimama.

"Pametoboka sana asubuhi?" aliuliza mkaguzi.

"Kidogo."

"Hapaonekani. Fainali ni yako, mzee."

Kinyozi alisema ahsante kwa sauti ambayo hakuitambua.

Jioni aliketi jukwaani katika shati jipya, mkewe upande mmoja, Kitinda upande mwingine, Kufuli nyuma yao akiwa ameacha lango kwa mtu mwingine. Mkaguzi alikuwa kiti cha mbele. Chini, timu mbili kutoka nchi za mbali zilikimbizana juu ya mistari ya kijani, na taa zikiwaka nyasi zikawa na rangi ambayo mchana haziwi nayo. Hakuna aliyefunga. Kinyozi hakujali. Macho yake yalikaa mahali pamoja.

Kipindi cha pili kiungo wa timu ya njano aliletewa pasi nyepesi, pasi ya kumpa mgonjwa. Mpira ulibingirika kwa utulivu ndani ya duara la katikati, na ulipofika mahali fulani ukaruka kama chura, ukapita juu ya mguu wake, ukatoka nje. Mchezaji alitazama chini. Alisugua pale kwa kiatu, akatupa mikono.

Jukwaa liliguna, kisha likacheka, kisha likakasirika.

"Uwanja gani huu!"

"Ndiyo maana tunataka plastiki!"

"Nani anautunza? Hebu aonyeshwe tumwone!"

Mkaguzi aligeuka polepole kwenye kiti chake. Kofia yake pana ilifuata. Alimtazama Kinyozi. Kitinda alijifunika uso kwa viganja. Mkewe alinong'ona, "Kaa kimya, baba watoto, nakuomba, kaa kimya."

Lakini Kinyozi alikuwa ameshasimama, shati lake la fainali liking'aa chini ya taa, mkono mmoja juu kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Mimi!" alipaza sauti kwa umati mzima, akicheka mpaka kipara kikameremeta. "Uwanja ni wangu! Na kile kisima pale katikati, mnakiona? Kile ni cha mwanangu!"